Kipaza Sauti cha Michezo Kifike Suguti

Kwenu wamiliki, mameneja na wahariri wa vituo vya redio vya Musoma, Bunda, Butiama na mkoa mzima wa Mara.

YAH: WANAWAKE KWENYE DAWATI LA MICHEZO



Ninyi ndio mnaoamua nani ashike kipaza sauti saa ya michezo inapofika. Ndiyo maana barua hii siipeleki wizarani wala TFF, naileta kwenu. Naomba kila kituo cha redio mkoani kwetu kiwe na mwanamke kwenye dawati la michezo, mwenye mkataba, mwenye nauli ya kwenda uwanjani na mwenye nafasi ya kuuliza maswali yake mwenyewe, badala ya kuitwa studio kusoma matokeo aliyoandikiwa na wenzake. Na dawati hilo litoke mjini. Lianze na Suguti, kata niliyozaliwa, halafu liende Majita, Butiama na mialo yote ya ziwa.

Kazi ya habari za michezo ndiyo iliyonilisha na kunisomeshea wadogo zangu. Naipenda, na kwa sababu naipenda inaniuma kuona tunavyoiendesha.

Suleiman Nyambui alizaliwa Majita, huku huku Musoma Vijijini. Mwaka 1980 kule Moscow alimaliza wa pili katika mbio za mita 5,000, akizidiwa na Miruts Yifter wa Ethiopia kwa chini ya sekunde moja. Filbert Bayi naye akapata fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Kutoka mwaka huo hadi Paris 2024, Tanzania haijaongeza medali nyingine ya Olimpiki. Nyambui akaendelea, akashinda mbio za marathoni za Berlin mwaka 1987 na akarudia 1988. Sasa nendeni mkawaulize watoto wa shule Kusenyi au Chirorwe habari za mtu huyo. Mimi huwauliza kila nikirudi nyumbani. Kikosi cha Simba na cha Yanga wanakitaja chote, mpaka wachezaji wa akiba, lakini mtu wa kwao hawamjui. Watoto hawana kosa. Habari ile ilitoka Moscow ikafika Dar es Salaam, ikatangazwa, ikaisha. Wakati ule Musoma haikuwa na redio ya kwenda kijijini kwao kuuliza alikimbia njia ipi akiwa mdogo, nani alimwona mwanzo, na shule ilimsaidia vipi. Leo redio zipo, tena si moja, na wazee waliomwona akikua wanazidi kupungua.

Kuna jambo la karibu zaidi ambalo wengi wenu mnalikumbuka. Biashara United, klabu yetu ya Musoma, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2018. Msimu wa 2020/21 ikamaliza nafasi ya nne na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ikaitoa Dikhil ya Djibouti. Oktoba 2021 ikaifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2-0 jijini Dar es Salaam, na mkoa mzima ukavimba kwa fahari. Mechi ya marudiano haikuchezwa, kwa sababu timu haikusafiri. Ikatolewa mashindanoni, na mwisho wa msimu huo huo ikashuka daraja.

Siku zile mijadala ya michezo ilikuwa moto. Kila mchambuzi alikuwa na mtu wa kumlaumu. Lakini klabu ya Ligi Kuu ni zaidi ya wachezaji kumi na mmoja. Siku za mechi pale uwanja wa Karume kulikuwa na mama wa samaki wa kukaanga, vijana wa bodaboda, wenye nyumba za wageni, washona jezi, wauza maji. Timu iliposhuka, mapato ya watu hao yalishuka nayo. Hiyo ni habari ya michezo, na ilihitaji ripota wa kukaa nje ya geti la uwanja na daftari, kuzungumza na watu ambao majina yao hayamo kwenye orodha ya wachezaji. Ilihitaji pia mtu wa kufuatilia fedha za safari hatua kwa hatua mapema, kabla ya siku ya mwisho kufika. Dawati la michezo likijua kuhesabu mabao tu, mambo kama hayo yanalipita.

Halafu kuna Bunda Queens. Msimu wa 2023/24 mabinti hao walikuwa Ligi Kuu ya Wanawake, wakicheza na Simba Queens, JKT Queens na Yanga Princess. Ligi yenyewe ilianza msimu wa 2016/17, na tangu hapo mpira wa wanawake nchini umepiga hatua kubwa. Mwaka 2022 Serengeti Girls walikwenda India kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17, wakaifunga Ufaransa na kufika robo fainali. Aisha Masaka alisajiliwa Brighton ya Uingereza mwaka 2024, Clara Luvanga amechezea Al Nassr ya Saudi Arabia. Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, walicheza fainali za Afrika nchini Morocco Julai 2025. Kwa hiyo Bunda Queens ni timu iliyosimama kwenye njia inayofika mbali. Nawauliza kwa heshima: ni nani kati yenu ana ripota anayejua wachezaji wale wanalala wapi, wanakula nini siku ya mazoezi, nani ameacha shule ili acheze na nani ameacha kucheza ili aolewe? Kama yupo, nampongeza aliyemtuma. Kama hayupo, basi tunayo timu kubwa ambayo haina mtu wa kuieleza kwa watu wake.

UNESCO imewahi kueleza kuwa wanawake ni karibu asilimia 40 ya wanamichezo duniani, na kwamba nafasi wanayopata kwenye habari za michezo ni kama asilimia 4. Ukitaka kuona sura ya takwimu hiyo nyumbani kwetu, sikiliza kipindi chochote cha michezo jioni. Usajili wa Simba, majibu ya Yanga, ligi ya Uingereza, kisha odi za kubeti. Vijana wanatoka hapo kwenda kibanda umiza, mkeka ukichanika wanarudi kesho yake na fedha nyingine. Redio inaishi kwa matangazo, hilo naelewa. Nasema tu kwamba ukimpa kijana wa Suguti mikeka kila jioni bila kumpa habari ya uwanja wa shule yake uliomegwa, umeshamwambia kuwa michezo ni mahali pa kupoteza fedha.

Nataka mnisikilize vizuri kwa hili linalofuata, kwa sababu ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Nimemwona hapa kwetu binti wa kidato cha tatu akitangaza mechi ya wasichana. Uwanja wa shule, magoli ya miti, mistari imechorwa kwa majivu. Spika ilikodiwa kwa kijana anayepiga muziki harusini, na umeme wake ulikuwa betri. Binti alisimama juu ya dawati lililotolewa darasani, viatu amevivua ili asiteleze. Hakuwa na orodha ya wachezaji, maana alikuwa anawajua wote. Alitangaza kwa Kiswahili kilichonyooka, akichomeka Kijita pale mpira ulipokuwa wa hatari, na mama waliokaa chini ya mti wakawa wanamwitikia. Mpira ulipotoka nje na mwokotaji kuchelewa kwenye mahindi, hakukaa kimya. Alisema golikipa wetu huyu mnayemwona hajaingia darasani wiki mbili, yuko mwaloni anaanika dagaa na bibi yake, ila leo amekuja, mpigieni makofi. Watu wakapiga makofi. Mwalimu wa michezo alikuwa pale, mwenyekiti wa kitongoji alikuwa pale. Kabla mpira haujarudishwa uwanjani, watu wazima wote wale walikwishajua jambo ambalo daftari la mahudhurio lilikuwa nalo siku zote na halikumwambia mtu.

Hiyo ndiyo kazi. Binti yule hajasoma uandishi, hajui dawati la michezo linafananaje, lakini tayari anajua kuwa mchezaji ana nyumbani anakotoka. Wapo watangazaji wenye majina makubwa ambao hawajalijua hilo. Na mimi, niliyeipita njia hiyo, naona kinachomsubiri mbele.

Nilipoanza kujitolea katika kituo kimoja, ambacho si cha mkoa huu na sitakitaja, niliomba michezo nikapewa kipindi cha mapishi na malezi. Ni vipindi vya heshima, na nilivifanya kwa moyo. Lakini kila nilipoomba kwenda uwanjani niliambiwa mechi inaisha usiku. Vijana wa kiume walioanza baada yangu walikwenda, na mechi ziliisha usiku ule ule. Nilipopewa nafasi hatimaye, nilimwuliza kocha mmoja swali kuhusu beki wake wa kushoto. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akageuka na kumjibu mwenzangu wa kiume aliyesimama pembeni, ambaye hakuwa ameuliza chochote. Nikaandika jibu, nikauliza la pili. Akafanya vile vile. Mpaka la tatu ndipo akanitazama. Viwanja vingine havikuwa na choo cha wanawake upande wa waandishi, na kwa mechi ya saa kumi nilikuwa siinywi hata chai ya asubuhi.

Lipo na zito kuliko hayo, na wahariri mnalijua. Rushwa ya ngono imewafukuza mabinti wenye kipaji kwenye vyumba vya habari. Mwandishi wa kujitolea hana mshahara, anategemea hisani ya mkubwa wake ili jina lake lipangwe kwenye safari. Hapo ndipo mtego unapotegwa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaitaja rushwa hiyo kuwa kosa la jinai. Bandikeni kifungu hicho ukutani kwenye chumba cha habari, na jina la mtu wa kumripotia, awe mwanamke ikiwezekana. Jambo hilo halina gharama.

Msinijibu kwamba wanawake hawaiwezi kazi hii. Hoja hiyo ilikwisha tangu enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, Halima Mchuka alipokaa kwenye kipaza sauti na kutangaza mpira wa miguu, nchi nzima ikimsikiliza. Anakumbukwa kuwa mwanamke wa kwanza nchini kuifanya kazi ile, na waliomsikia wanakumbuka pia kwamba mchezo ulieleweka kwa macho yake. Somoe Ng'itu aliandika habari za michezo kwenye gazeti la Nipashe na akashika uongozi katika chama cha soka la wanawake, TWFA. Yaani kuujua mpira kwa kuuandika kulimfikisha mahali pa kuuongoza. Ng'ambo ya mpaka, Carol Radull ameutangaza na kuuchambua mpira wa Kenya redioni kwa miaka, Evelyn Watta akafika kwenye uongozi wa chama cha dunia cha waandishi wa michezo, AIPS, na Usher Komugisha wa Uganda anafuatilia michezo ya bara zima. Mwaka 2016 Jonesia Rukyaa, mtu wa Kagera, mkoa wa ziwa kama sisi, alipewa filimbi ya Simba na Yanga. Kama mwanamke anaweza kupuliza filimbi katika mechi ile na wanaume ishirini na mbili wakatii, anaweza kuieleza kwa wasikilizaji.

Wala siombi wanawake waingie ili picha ya ofisi ipendeze. Kuna habari zinazofika kwa mwanamke kwanza. Mchezaji wa netiboli anayekosa mazoezi siku kadhaa kila mwezi kwa sababu hana taulo za kike, hatamweleza ripota wa kiume aliyemkuta leo. Binti anayesumbuliwa na kocha wake ataanza kwa kukueleza habari ya jezi, kisha ya nauli, na mwishoni kabisa, mkiwa mmekaa wawili, atafika kwenye jambo lenyewe. Inabidi uwe na muda, na awe na sababu ya kukuamini.

Tuitazame Kenya mwaka 2021. Septemba 12 Agnes Tirop alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee, kule Ujerumani. Oktoba 13 alikutwa ameuawa nyumbani kwake Iten, na mumewe akashitakiwa. Miaka mitatu baadaye, Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa amekimbia marathoni ya Paris wiki chache tu kabla, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto, akafariki Septemba 5, 2024. Waandishi wa michezo walijikuta wakiandika habari za ndoa, za ardhi, za nani anashika fedha za mwanariadha wa kike. Waliokuwa wamezoea kuuliza mambo hayo mapema walijua pa kuanzia. Wengine walibaki na muda wa rekodi na jina la mji.

Kwetu Mara tuna ya kwetu ya kuuliza. Novemba 2021 serikali ilitangaza kuwa wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito wanaweza kurudi shule. Je, wakirudi, wanarudi na kwenye timu? Mwalimu anampanga kwenye mashindano ya sekondari, UMISSETA, mchezaji mwenye mtoto nyumbani, au anamwacha kimya kimya? Fedha za michezo zinazokatwa shuleni zinanunua mipira mingapi ya wasichana? Uwanja wa kijiji una hati, au siku moja tutaamka tukute msingi wa nyumba kwenye pembe ya kupigia kona? Ofisi za Halmashauri ya Wilaya ya Musoma ziko hapa hapa Suguti. Ripota hana haja ya kwenda Dodoma kupata majibu. Apande bodaboda afike afisa michezo alipo.

Najua mtaniambia kuhusu sheria. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 na kanuni zake zinamtaka mwandishi awe na angalau stashahada. Binti wa kidato cha tatu hana, na hata akimaliza kidato cha nne safari yake ya chuo ni ndefu na ya gharama. Basi mwanzisheni njia sasa. Mchukueni likizo akae studio aone vipindi vinavyoandaliwa. Mpeni nafasi ya kutoa taarifa fupi kutoka kijijini chini ya usimamizi wa mwandishi mwenye ithibati. Akimaliza shule, mwandikieni barua ya kumwombea chuo; Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino pale Nyegezi si mbali na sisi, na vyuo vya kati vipo. Zungumzeni na mfanyabiashara mmoja wa samaki au wa mafuta ambaye tayari analipia tangazo kwenye kipindi chenu cha michezo, ada ya mwaka iingie kwenye mkataba wa tangazo hilo. Mtu atakayesoma kwa mkono wenu atarudi kwenu, anajua kila mwalo na kila shule.

Kwa walio tayari ndani ya vyumba vyenu vya habari, naomba mambo ya kawaida kabisa. Mechi ikiisha usiku, gari la ofisi limfikishe mlangoni, kama mnavyopaswa kumfanyia na kijana wa kiume. Posho ya safari ilipwe na kituo, isisubiriwe bahasha ya kiongozi wa timu, maana anayelipwa na timu hawezi kuiuliza timu. Akikosea jina la mchezaji, asahihishwe kama wengine wanavyosahihishwa, bila kuambiwa hewani, mbele ya wasikilizaji, arudi jikoni. Na baada ya miaka miwili au mitatu ya kuripoti, apewe nafasi ya kuchambua na ya kuhariri, kwa sababu mhariri ndiye anayepanga nini ni habari.

Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa pamoja fainali za Mataifa ya Afrika. Waandishi wa dunia watakuja, na ninyi mtatuma watu wenu. Mwandishi wa kupelekwa kwenye mashindano kama hayo hatengenezwi kwa wiki mbili. Anatengenezwa kwenye viwanja vya vumbi, kwenye ligi za kata, kwenye netiboli ya shule ambayo hakuna anayeitangaza, kwa misimu kadhaa. Mkianza mwaka huu mtakuwa naye. Mkisubiri, mtatuma wale wale.

Mashindano ya shule huanza ngazi ya kata kabla ya likizo ya Juni. Naomba kila kituo kitume Suguti ripota mmoja wa kike siku hizo, na nauli yake ya kurudi, amsikilize binti wetu akitangaza, kisha amkabidhi kipaza sauti chenye nembo ya kituo. Nitakuwepo uwanjani kumpokea atakayekuja.

Wenu katika kazi,

Mwandishi wa habari za michezo,
mzaliwa wa Suguti, Musoma.